Kiatu cha Kushoto

Shangazi Kalunde hufungua robota saa kumi na moja alfajiri,
viatu vikamwagika juu ya turubai,
kila kimoja kimepotezana na mwenzake.
Kazi yangu ni kuoanisha.
Kulia na kushoto, kisigino kwa kisigino.
Miaka miwili Gikomba, na mkono wangu
ulikuwa ukijua kabla mimi sijajua.

Kisha, mwezi wa tatu, nilisimama na raba ya bluu mkononi
hadi chai ikapoa.
Mwenzake alikuwa pale pale, mbele ya goti langu.

Ndipo nyundo za Kamukunji nazo
zikaanza kunitaja.
Si sauti. Nilimwambia daktari, si sauti,
ni jina linalokaribia kuwa jina:
Mu-the, Mu-the,
halafu bati linakuwa bati tena.
Aliandika. Akauliza, unaamini?
Nikasema, asubuhi siamini.

Hawakuniita mgonjwa.
Waliniita aliye katika hatari,
neno nililolizoea kwenye nguzo za umeme,
pale linapochorewa fuvu.

Daktari Cherotich akanikopesha maneno matano:
ndoo, mwewe, kanisa, msumari, uji.
Yashike, alisema, nitakuja kuyadai.
Akanipa tarakimu nizirudishe kinyumenyume.
Mimi, ninayebeba madeni ya wateja kumi na wanne
bila daftari,
nilifika ya nne
nikakuta mlango usio na nyumba.
Alipoyadai maneno yake nilimlipa matatu
na moja ambalo hakunipa: kamba.

Halafu lile bomba jeupe.
Lala tuli, dada. Usitikise hata kidole.
Likaanza. Ko-ko-ko-ko. Ngu. Ngu.
Kamukunji nzima ndani ya sikio!
Nusura nicheke.
Kisha nikatega, kama mdaiwa anayesikia hatua mlangoni,
dakika arobaini,
na halikuniita hata mara moja.

Nilirudi kuuliza picha yangu inasemaje.
Haisemi peke yake, alijibu.
Mko sitini, tumewachanganya kama unga wa mashine moja.
Kwa baadhi yenu, sehemu ya mbele ya ubongo na zile za ndani
ni kama majirani wa ghorofa mbili,
wanapigiana kelele dirishani
na kila mmoja anasikia nusu.
Na mimi?
Kwako wewe, sijui.

Nililipenda lile sijui.
Sikuwahi kusikia daktari akilitamka
bila kwanza kufuta miwani.

Mama yangu, huko Kayole, hana subira na sijui.
Dalili ya mvua ni mawingu, anasema,
akikunja shuka yangu mara ya tatu.
Mama, huu ni mwezi wa saba, Nairobi.
Mawingu yamekalia paa letu wiki tatu,
nguo zinanuka unyevu kwenye kamba,
na tone hatujaliona.

Yanaweza kunyesha. Sijasema hayawezi.
Kila Alhamisi naenda, nakaa kwenye kiti cha plastiki,
nasema nililosikia na nililodhani nimesikia,
nalala mapema, nimeacha miraa ya binamu yangu Kyalo
ambaye haniulizi kwa nini.

Msumari.
Lilinijia darajani, juu ya maji meusi ya mto,
saa nne baada ya kudaiwa.
Nililitamka kwa nguvu hivi kwamba muuza njugu
akavuta sinia yake karibu.
Msumari, nikamwambia. Nilikuwa nalo.

Leo robota limetema viatu vya kushoto vitupu,
kumi na saba, nimevihesabu mara mbili.
Tupa, anasema Shangazi.
Naviweka kwenye gunia, nyuma ya kibanda.
Huenda wenzao wako kwenye robota la kesho,
huenda wako nchi nyingine, miguuni, wanatembea.

Ng'ambo ya barabara nyundo zimeshaamka.
Mu—
bati.
Mu—
bati.
Nimeshika raba nyekundu, saizi ya thelathini na nane.
Nausubiri mkono.